Vyuo vitatu vya macho vimenikubali, niende kipi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Nilizaliwa Mombasa, sasa naishi na wazazi Columbus, Ohio. Nimekubaliwa kusomea udaktari wa optometria, yaani upimaji wa macho, Ohio State hapahapa, Indiana University kule Bloomington, na Illinois College of Optometry, Chicago. Mama anataka nibaki, roho yangu iko Chicago. Nifanyeje? – Binti wa Kisauni

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera! Popote uendapo ni miaka minne, na mtihani wa taifa ni uleule, sehemu tatu. Vyuo hutangaza wangapi wamefaulu; tazama miaka kadhaa, si mmoja.

Sasa pesa. Ohio State ni chuo cha jimbo, na mkazi wa Ohio hulipa ada nafuu kuliko mgeni. Cha Chicago ni cha binafsi. Jumlisha miaka yote minne, pamoja na kodi ya chumba na wali wa mama utakaoukosa. Mimi nilisaini mkopo bila kusoma riba. Mpima macho mzima, maandishi madogo yakanipita!

Lakini Chicago sikulaumu. Kliniki ya chuo hicho, Illinois Eye Institute, iko ndani ya jiji lenyewe, na mkono hufunzwa na wagonjwa. Waulize wanafunzi wa mwaka wa nne, si yule anayewatembeza wageni: umepima watu wangapi mwenyewe? Wenye kisukari? Wenye presha ya macho? Kisha waandikie Chicago uombe ufadhili zaidi, kabla hujalipa amana ya kushika nafasi popote. Mama mwachie mimi.