Kabla Hujaipenda Rangi, Ifungue

Niliinunua kwa sababu ya rangi, sina haja ya kuficha. Ilikuwa kamera ya zamani ya filamu, Kodak Brownie Starflash, nyekundu ya marijani, na ile sahani ya flashi inayong'aa juu ya lenzi kama jicho la pili. Sikuifungua wala kubonyeza chochote. Niliogopa mtu mwingine asije akaniwahi. Filamu ya kwanza iliporudi kutoka kuoshwa, picha zote 12 zilikuwa na mchirizi wa mwanga pembeni, kana kwamba kila moja imepitishiwa kisu cha moto.

Nikailaumu rangi hiyo hiyo iliyonivuta. Nilijiambia plastiki nyeusi humeza mwanga, hii nyekundu bila shaka inaupitisha. Nilikaa na imani hiyo miezi kadhaa, hadi siku nilipoingia chumba chenye giza, nikaweka tochi ndogo ndani ya kamera na kuifunga. Ukuta wa plastiki haukupitisha hata chembe. Mwanga ulikuwa unachungulia kwenye ukingo, pale komeo lilipolegea. Kipande cha utepe mweusi kikamaliza kesi. Tangu hapo tochi ndiyo chombo changu cha kwanza cha ukaguzi.

Starflash zilitengenezwa kuanzia 1957 hadi 1965, nyeusi, nyeupe, za buluu na nyekundu. Ukizifungua zote nne ni kitu kimoja: lenzi ya plastiki ambayo Kodak waliipa jina la Dakon, na umbali wa kulenga usiobadilika, kwa hiyo anayepigwa picha asimame hatua mbili au zaidi mbele yako. Ya buluu haipigi picha nzuri kuliko nyeusi. Muuzaji akikwambia vingine, ujue anauza ganda. Nyeusi hupatikana kwa urahisi zaidi, na kwa anayeanza ningesema achukue hiyo, ingawa najua hatanisikia. Mimi mwenyewe nisingenisikia.

Ukiishika mkononi, ifungue, chungulia lenzi kwa nyuma ukiwa umeielekeza kwenye mwanga, halafu bonyeza. Lazima uone mwanga ukipepesa. Usiridhike na mlio, maana shata, kile kipazia kinachoruhusu mwanga kuingia, inaweza kulia "tik" na isifunguke. Angalia pia chumba cha betri. Ukikuta unga wa kijani au mweupe, betri ilivujia humo, na flashi huenda isiwake tena. Vumbi la lenzi lipulize kwanza, ndipo ufute taratibu kwa kitambaa laini chenye unyevu, kwa sababu plastiki huchubuka upesi kuliko kioo. Ganda lioshe kwa maji kidogo ya sabuni. Thina na asetoni zikae mbali kabisa: doa litaondoka, na uso wa plastiki utaondoka nalo.

Iko rangi moja inayobadilisha picha kweli, nayo haiko kwenye ganda. Ni ile swichi ya kuchagua filamu ya rangi au ya nyeusi na nyeupe. Haichuji rangi yoyote; inabadilisha ukubwa wa tundu la mwanga tu. Filamu za rangi za enzi hizo zilikuwa nzito kupokea mwanga, kwa hiyo upande wa rangi unafungua tundu zaidi. Filamu ya rangi ya leo yenye ISO 100 (ISO ni kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga) haihitaji huruma hiyo. Juani mimi naiweka upande wa nyeusi na nyeupe hata nikiwa nimetia filamu ya rangi.

Sasa filamu yenyewe, maana hapa ndipo wengi hukwama baada ya kununua. Starflash inatumia filamu ya saizi namba 127, yenye upana wa milimita 46. Kodak waliacha kuitengeneza mwaka 1995. Bado hutokea kidogo kidogo kutoka kwa watengenezaji wadogo, na wavumilivu hukata filamu ya 120, ambayo ni pana zaidi, gizani na kuiviringa upya. Kwa hiyo ukikuta spuli tupu ndani ya kamera uliyonunua, usiitupe! Bila hiyo filamu haina pa kujiviringia. Kile kidirisha chekundu cha kusomea namba ya picha nacho kiwekee utepe unaobandua kila unapozungusha filamu. Wekundu wake ulizilinda filamu za kale zisizoona mwanga mwekundu. Za leo zinauona vizuri sana.

Balbu za flashi huwaka mara moja na kuisha, tena huwa za moto, basi usizing'oe haraka kwa vidole vitupu. Za buluu ndizo zinazofaa filamu ya rangi.

Ile nyekundu bado ninayo, na utepe wake mweusi ubavuni. Sasa natafuta ya buluu. Tochi iko mfukoni.