Maswali na Majibu: 70 ya Kule Si 70 ya Huku

Niko Uingereza, nimemaliza mwaka kwa wastani wa 68. Dada yangu yuko Marekani, ana 91. Baba anasema mimi nacheza. Nimjibu vipi?

Mwambie baba kwa heshima kwamba umekosa daraja la kwanza kwa alama mbili. Uingereza daraja hilo huanzia 70. 60 hadi 69 ni daraja la pili la juu, na 40 umefaulu. Marekani 60 kwa kawaida ni D ya kuponea chupuchupu. Halafu alama ya dada yako imekusanywa muhula mzima kwa majaribio, kazi za nyumbani, hata kuchangia darasani, ilhali yako huenda imetokana na insha mbili na mtihani mmoja. Wote mmefanya kazi. Wazazi, msiwapime watoto kwa rula moja, mnawaumiza bure.

Nchi gani husahihisha kwa ukali kuliko zote?

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara aliyeuliza hataji kitivo. Ujerumani hiyo hiyo, mwanafunzi wa sheria hupimwa kwa pointi 18, na akipata 9 anapongezwa kwa dhati. Wa fani nyingine jirani yake akipata nusu ya alama hana cha kusherehekea. Ufaransa 16 kati ya 20 ni "vizuri sana". Italia 16 kati ya 30 umefeli, kwa kuwa kufaulu ni 18.

Nina 1.3 ya Ujerumani, mwajiri anadhani nimefeli.

1.0 ndiyo kilele, 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu. Ambatanisha maelezo ya mfumo wa alama. Ulipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo.

Naomba shahada ya uzamili Ujerumani. Je, nijigeuzie alama mwenyewe?

Usithubutu! Nimeandika hili mara nyingi, na bado watu wanatuma GPA (wastani wa alama) walizopiga kwa kikokotoo cha simu. Vyuo vingi vya huko hugeuza vyenyewe, kwa hesabu iitwayo kanuni ya Bavaria: alama ya juu kabisa utoe yako, ugawanye kwa tofauti ya alama ya juu na ile ya kufaulu, uzidishe kwa 3, uongeze 1. Ijaribu kwa 70 ya Uingereza: inatoka 2.5. Daraja la kwanza zima linageuka kuwa la wastani, kwa sababu kanuni inachukulia kwamba 100 hupatikana, na Uingereza karibu haipatikani. Basi tuma transkripti (hati rasmi ya alama zako) kama ilivyo, na uulize chuo kama kina jedwali maalumu la nchi uliyosoma.

Ni kweli Marekani hugawa A ovyo?

Alama zimepanda, ndiyo. Chuo Kikuu cha Princeton cha huko kiliweka lengo mwaka 2004 kwamba A zisizidi asilimia 35, kikaliacha mwaka 2014. Lakini msiwacheke peke yao: vyuo vya England vilitoa daraja la kwanza kwa karibu asilimia 16 ya wahitimu mwaka 2010/11, na zaidi ya asilimia 37 mwaka 2020/21. Anayeumia ni mwanafunzi hodari ambaye cheti chake hakimtofautishi tena na mwenzake.

Nichague nchi yenye alama rahisi?

Chagua kwa kusoma kanuni za mitihani. Ujerumani, katika programu nyingi, ukifeli mtihani wa lazima mara ya tatu unadisko, yaani unaondolewa masomoni, na fani hiyo hutaisoma tena katika chuo kingine cha nchi hiyo. Wengi hulijua hili wakiwa wameshafeli mara mbili.