Majani yenye matundu tangini: anza na potasiamu

Pole, ndugu. Nimekuelewa: mimea ya tangi lako la samaki ilianza vizuri, sasa majani ya zamani yana vitundu vyenye kingo za njano, na unauliza kama kinyesi cha samaki hakitoshi kuilisha.

Kinyesi na mabaki ya chakula huipa naitrojeni na fosforasi, ila potasiamu na chuma huwa haba. Vitundu hivyo mara nyingi ni njaa ya potasiamu. Yangekuwa majani machanga yanayotoka manjano huku mishipa imebaki kijani, ningeshuku chuma.

Tafuta mbolea ya maji ya mimea ya tangini, yenye potasiamu. Tia nusu ya kipimo cha kwenye chupa, kila wiki ukishabadilisha maji. Majani yaliyotoboka hayaponi, yakate. Tazama yanayochipua kwa wiki tatu hivi. Mimi nilikosa subira, nikazidisha mbolea na kuwasha taa saa 12 kwa siku, vioo vikavaa mwani hadi samaki hawaonekani. Kuwasha taa kwa muda wa saa 6 hadi 8 kwa siku kunatosha.

Kama una mmea wa majini uitwao Cryptocoryne, huo hula kwa mizizi, ichomekee kidonge cha mbolea mchangani. Mmea mwingine, Anubias, usiufukie shina, litaoza.

Tafadhali sana, mbolea ya bustani usiitie: amonia yake huua samaki. Wakianza kuhema juu ya maji, badilisha nusu ya maji papo hapo kwa maji yasiyo na klorini. Wasipotulia, mwone daktari wa mifugo anayejua samaki.