Ozoni kwa kidonda cha kisukari

SWALI: Shikamoo daktari. Mama ana kisukari, na kidonda cha unyayoni kina miezi minne. Kliniki moja hapa Tanga inataka kumfanyia ozoni: mguu uingizwe kwenye mfuko wa gesi, pia damu itolewe, ichanganywe na gesi, arudishiwe. Wamemwambia hospitali asiende tena kukwanguliwa kidonda. Je, akubali?
– Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Hospitali asiache hata wiki moja. Chini ya sugu na nyama iliyokufa ndiko usaha hujificha, na kwa kidonda cha miezi minne ningeomba mguu upigwe eksirei, kuona kama mfupa umeliwa. Apimwe pia mapigo ya damu mguuni, na apewe gipsi au kiatu cha kuondoa uzito kwenye kidonda. Akiendelea kukikanyaga, hakifungi, hata mtibu kwa gesi gani.

Ozoni inaua vijidudu, hilo ni kweli. Mji wa Nice, Ufaransa, husafishia maji kwa ozoni tangu 1906. Lakini mguu uliokosa damu si tangi la maji. Mapitio ya 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, kuhusu vidonda hivi yalipata majaribio matatu tu, wagonjwa 212, tena ya ubora hafifu. Hayakuthibitisha kwamba inaponya.

Akiamua mfuko kama nyongeza, kidonda kioshwe na kilowanishwe, mfuko ufungwe usivuje, akae dakika 20 hadi 30, kisha gesi inyonywe na mashine kabla ya kufungua. Wengi hufungua tu chumbani, na ozoni huchoma mapafu. Mwenye pumu anaweza kubanwa vibaya. Mkisikia harufu kali kama ya mashine ya fotokopi, tokeni nje. Mashine inayotengeneza ozoni itumie oksijeni ya hospitali, kwa sababu ikivuta hewa ya kawaida hutoa pia oksidi za naitrojeni, nazo ni sumu.

Ya damu namshauri akatae. Huchukuliwa mililita 100 hadi 200, na mwenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu), ambao si haba kwetu kwenye malaria, chembe zake nyekundu zinaweza kupasuka: mkojo mweusi kama kola, macho ya njano. Na anayetaka kupiga gesi moja kwa moja mshipani, ondokeni hapo hapo. Mapovu yakifika kwenye mapafu au ubongo, huua.

SWALI: Nimesikia ozoni huua virusi vya ukimwi kwenye damu. Nimeacha ARV wiki mbili sasa.

JIBU: Jaribio dogo la Kanada lililochapishwa 1991 halikuona faida yoyote. Virusi hujificha ndani ya chembe za tezi na utumbo, ambako chupa ya damu iliyochanganywa na gesi haifiki. Rudi CTC, kliniki yako ya ARV, kesho asubuhi, uwatajie siku zote ulizoruka dawa, ili wakuanzishie tena na wakupangie kipimo cha wingi wa virusi.