Tar au zip? Anza na atakayefungua kifurushi

Tar na zip ni fomati za kukusanya faili nyingi kuwa kifurushi kimoja. Ukitengeneza programu Dodoma na kuipeleka Kondoa, Mpwapwa au Chemba kwa bando la simu, utatamani fomati inayobana kuliko zote. Bando ni pesa, kweli. Lakini ukubwa ni swali la pili. La kwanza ni hili: kifurushi kitafunguliwa chote kwa mkupuo, au kuna programu itakayochomoa faili moja tu?

Tar hupanga faili moja nyuma ya nyingine, bila orodha ya yaliyomo. Ikishabanwa kwa gzip, programu ya kubana data, kuifikia faili ya mwisho ni kufumua zote zilizotangulia. Zip hubana kila faili peke yake na kuweka orodha mwishoni, ndiyo maana vifurushi vya jar vya Java, wheel vya Python na apk vya Android vyote ni zip. Gharama yake ni kwamba zip haioni marudio kati ya faili na faili. Folda yenye maelfu ya faili ndogo zinazofanana hupungua zaidi ndani ya tar.

Mtandao ukikatika, zip iliyofika nusu hukataa kufunguka kwa njia ya kawaida kwa sababu orodha haijafika. Tar iliyokatika ni hatari zaidi: hutoa faili zilizofika, kisha hulalamika, na skripti isiyoangalia kosa huendelea kusakinisha nusu programu. Linganisha sha256 (alama inayokokotolewa kutoka yaliyomo kwenye faili) ya mtumaji na ya ulichopokea kabla ya kufungua chochote. Hili usilikwepe.

Kwa seva za Linux, tumia tar. Inahifadhi mmiliki, ruhusa na viungo (links) vya faili. Zip inaweza kubeba ruhusa, ila si kila kifunguzi huzirudisha. Extractall, amri ya kufungua ya zipfile kwenye Python, haizirudishi, na skripti yako ya kuanzisha huduma itagoma kwa kukosa ruhusa ya kutekelezwa. Kwa kompyuta za ofisini zenye Windows ya zamani, peleka zip, kwani inafunguka bila kuongeza programu nyingine.

Kubana sasa. Xz na zstd ni programu nyingine za kubana. Xz hutoa faili ndogo, lakini xz -9 hudai takriban MiB 674 za RAM wakati wa kubana na 65 wakati wa kufumua. Zstd ndiyo ninayoipendekeza. Watunzaji wa Arch Linux, mojawapo ya matoleo ya Linux, walipohama kutoka xz kwenda zstd mwishoni mwa 2019, jumla ya vifurushi vyao ilikua kwa takriban asilimia 0.8 tu, na kufumua kukawa haraka zaidi ya mara kumi. Kama mashine inayopokea ina tar ya zamani isiyoijua zstd, rudi kwenye gzip.

Kifurushi kitoke kilekile kila unapokijenga kutoka msimbo uleule, la sivyo sha256 hubadilika kwa sababu tu ya saa zilizoandikwa ndani yake:

tar --sort=name --mtime=@0 --owner=0 --group=0 --numeric-owner -cf - programu/ | zstd -19 -o programu.tar.zst

Ukitumia gzip, weka -n ili isiandike jina la faili wala saa.

Upande wa kufungua, kataa njia zenye ../ au zinazoanza na /, maana faili yenye njia hiyo inaweza kuandikwa nje ya folda uliyokusudia. Kwenye Python 3.12 kwenda juu, ipe extractall ya tarfile filter='data' ili ikukinge na njia hizo.