Maswali na Majibu: Mpira Unaoanguka kwa Mchapuko Mara Nne

SWALI: Natumia kamera ya USB na laptopu ya shule kurekodi mpira ukianguka kutoka urefu wa mita 1, kisha tunaichambua video kwa programu ya Tracker. Wanafunzi wa Senior Three wanapata mchapuko wa karibu 39 badala ya 9.8. Je, kamera imeharibika?
Mwalimu wa fizikia, Jinja

JIBU: Kamera yako ni nzima, mwalimu. Tatizo ni giza la darasa. Ukigawanya 39 kwa nne unapata 9.8, na hiyo nne ndiyo ushahidi. Faili ya video inadai ina fremu (picha moja moja) 30 kwa sekunde, ilhali kamera ilitoa 15. Tracker huamini faili, hivyo inahesabu nusu ya muda halisi, na kwa kuwa muda huingia kwenye hesabu kwa kipeo cha pili, jibu hukua mara nne.

Kamera ya bei nafuu ikikosa mwanga hurefusha muda wa kupokea mwanga katika kila fremu, ndipo idadi ya fremu inaposhuka. Fungua mipangilio ya kamera uondoe tiki ya otomatiki kwenye mwanga. Katika Windows, kamera nyingi huonyesha namba hasi: -5 ni takriban 1/32 ya sekunde, na kila ukishuka hatua moja muda hupungua kwa nusu, hivyo -8 ni 1/256. Mpira ukikaribia sakafu huenda mita 4.4 kwa sekunde; kwa -5 utaacha ukungu wa sentimita 14 kwenye picha, kwa -8 chini ya sentimita 2. Picha itakuwa nyeusi, kwa hiyo toka nje barazani kwenye mwanga wa jua. Taa za darasani zinaweza kumetameta, kwani umeme wetu wa Uganda ni wa hezi 50. Ukilazimika kuzitumia, kamera iwekwe 50, isiachwe 60.

Angalia pia muundo wa picha. YUY2 (muundo usiobana picha) ya 1280 kwa 720, fremu 30, inahitaji kama megabaiti 55 kwa sekunde, mzigo ambao USB 2.0 haiubebi. Chagua MJPEG (muundo unaobana kila picha), au shuka hadi 640 kwa 480.

Jaribu kabla ya somo: rekodi pendulamu yenye urefu wa mita 1 hadi katikati ya jiwe. Mizunguko 10 kamili ichukue sekunde 20 hivi. Tracker ikisema 10, faili inadanganya. Video mlizokwisha kurekodi msizifute. Badilisha kasi ya fremu iwe 15 kwenye mipangilio ya klipu. Dawa hii haifai kama mwanga ulikuwa ukibadilika katikati ya kurekodi.

Jambo moja ambalo hukuuliza: rula isimame kando ya njia ya mpira, umbali uleule kutoka kwenye kamera, si ukutani nyuma yake. Kamera ikiwa mita 2 kutoka kwenye mpira, na rula sentimita 20 nyuma zaidi, mtapata kama 10.8 na kumlaumu aliyeshika mpira.

SWALI: Programu ya kurekodi inaonyesha weusi tu, ingawa taa ya kamera inawaka.
Msomaji, Gulu

JIBU: Kwanza ondoa kifuniko cha lenzi (msicheke, hutokea). Kisha funga Zoom na kivinjari, kwani programu iliyotangulia inaweza kuikalia kamera. Mwisho, kwenye faragha ya Windows, ruhusu kamera kwa programu za kawaida za kompyuta. Ni swichi tofauti na ile ya programu za duka la Microsoft.

SWALI: Hadubini ya USB na kamera zikichomekwa pamoja kwenye habu moja (kifaa cha kugawa tundu la USB), video zote zinakatika.
Mwalimu wa biolojia, Mbarara

JIBU: Zinagombania njia moja. Chomeka kila moja moja kwa moja kwenye laptopu, upande tofauti. Ikikataa, weka zote MJPEG na urekodi moja baada ya nyingine. Laptopu iwe kwenye umeme, maana ikitumia betri huweza kupunguza kasi na kuacha fremu.