Simu ya mtumba yenye kasoro iliyofichwa

SWALI: Nimenunua iPhone 12 mtandaoni hapa Nairobi, nikahakikishiwa haijawahi kufunguliwa. Kumbe kioo kimebadilishwa! Muuzaji hapokei simu. Nifanyeje?

JIBU: Usiipeleke kwa fundi kwanza. Ikifunguliwa tena, muuzaji atadai wewe ndiye uliyeiharibu. Ingia Settings, General, kisha About. Kioo kisicho halisi huandikiwa "Unknown Part". Piga picha ya ukurasa huo. Hifadhi pia tangazo kabla halijafutwa (hufutwa upesi mno), mazungumzo yenu, ujumbe wa M-Pesa na nambari ya IMEI (inayotambulisha simu hiyo pekee), ambayo utaipata kwa kubonyeza *#06#. Mwandikie, usimpigie, ukimpa siku 7 arudishe pesa. Kuomba muamala urudishwe kupitia 456, nambari ya M-Pesa ya kurudisha pesa, hakutakufaa. Huduma hiyo ni ya waliokosea nambari. Akikaidi, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na si lazima uwe na wakili.